Nyumba ya Kambo Meyi

Sisi tuliokulia mtaa wa Panda enzi king'ora cha kiwanda kilipotupangia saa ya kuamka na saa ya kula, hakuna asiyeikumbuka nyumba ya Wachina. Ilikuwa mwisho wa barabara ya mijakaranda, na ukiitazama ulishindwa kusema ni ya nchi gani. Veranda pana na nguzo nyeupe zilikuwa za Kibelgiji, kama nyumba za wakubwa wa mgodi. Matofali mekundu yalichomwa hapa hapa Likasi, kwa udongo wa kichuguu. Lakini pembe za paa zilipinda zikatazama juu, na ndani, mlango wa kwenda uani ulikuwa duara kamili. Watoto tulibishana kama wenyewe huupita kwa kutembea au kwa kubingirika.

Aliyeijenga alikuwa seremala Mchina aliyefika kupitia kisiwa cha Morisi zamani za Wabelgiji. Mimi sikumkuta. Nilimkuta mjane wake, bibi mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Kambo Meyi, maana kwetu kambo ni nyanya. Aliishi na mwanawe, mkwewe na mjukuu wake Lina, niliyelingana naye umri. Mama yangu alipiga pasi pale kila Jumanne na Ijumaa, na wakati wa likizo alinichukua, huku akinionya njia nzima: "Beya, ukigusa kintu ya bantu, nitajua mbele ya weye kufika ku nyumba."

Nakumbuka harufu ya wanga na makaa ya pasi. Nakumbuka mimi na Lina tukiruka nzango, mchezo wetu wasichana, uani, miguu mitupu juu ya vigae vyenye maua ya buluu, tukipiga makofi hadi viganja viwake. Watoto wa leo huruka kwa vidole tu, kwenye kioo cha simu, na bado wanalalamika kwamba wamechoka. Kambo Meyi alitupikia tambi ndefu ndani ya supu, nasi tulizivuta kwa kelele tukachekana mpaka supu ikatutoka puani. "Mukule kwanza, mutacheka nyuma," alisema kwa Kiswahili chetu kabisa. Yeye mwenyewe alipenda bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi, na alifinyanga tonge vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja askari waliokosa mishahara walipoanza kupora maduka mjini. Kesho yake raia wakafuata, na baada ya maduka wakaziendea nyumba. Mama aliondoka kumtafuta baba kiwandani, akasema, "Hakuna mutu anatoka hapa." Nilitoka. Nilijiambia naenda kumwangalia Lina. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nasema kweli.

Nilikuta nyumba imejaa watu. Walikuwa wanang'oa milango, wanabandua vigae kwa nyundo. Baba mmoja aliyeimba nasi kwaya alibeba jiko mgongoni. Kambo Meyi alikaa kwenye kigoda verandani, mikono juu ya magoti, na watu walipita mbele yake na vitu vyake. Wengine walimwamkia. "Jambo, Kambo," walisema, wakaendelea na safari. Naye aliitikia.

Niliingia chumba cha Lina. Kitanda kilikuwa kimeshaondoka. Chini nikaona kiatu chake chekundu, kile cha Noeli, nikakiokota nikakikumbatia. Sikukiona cha pili. Nilipofika uani nikamkuta Lina amesimama kwenye ule mlango wa duara, na cha pili kiko mkononi mwake.

"Beya," aliniambia, "kamoja katakusaidia nini?"

Akanipa. Hakukasirika. Angenitukana, pengine ningelia, ningekitupa, tungeishia hapo. Lakini alinyoosha mkono kama mtu anayempa mwenzake embe, nami nikakipokea. Ndiyo, nilikipokea.

Mama alipoviona viatu hakunipiga. Alivifunga kwenye kitenge, na alfajiri akanishika mkono tukarudi. Nyumba ilikuwa tupu. Jirani alituambia wameondoka kwa lori kuelekea Zambia, wote wanne. Mama aliviweka viatu katikati ya sebule, akatafuta fagio, akakosa, akakata matawi nje. Akaifagia nyumba nzima, chumba kwa chumba, mimi nimesimama. Kisha tukaenda nyumbani. Hatukuzungumza habari ile tena, wala siku ile wala miaka yote mpaka nilipomzika.

Mwezi uliopita binti yangu Grasi, anayesoma Lubumbashi, alisikia kwamba nyumba imekarabatiwa kidogo na Jumapili inaonyeshwa kwa wageni. Akanivuta twende. Alijipiga picha kila mahali, akitoa midomo kama bata. Kijana mlinzi alitueleza habari za paa, nguzo, mlango wa duara, kisha akasema, "Mwaka jana mujukuu wa kike wa hii nyumba alikuya, anatembea na fimbo. Alikuwa anatafuta mama moya aliyepiga pasi hapa, Mama Beya. Hakuna mutu anamujua. Weye mama, unamujua?"

"Hapana," nikasema.

Tulipofika barabarani Grasi akasimama. "Mama, Mama Beya si njo kambo yangu?"

Enzi zetu mtoto hakumuuliza mama yake swali la namna hiyo. Mimi sikumuuliza wangu kwa nini alifagia nyumba ile. Nilimweleza Grasi yote, palepale, watu wakipita.

"Lakini mama, ulikuwa mutoto tu."

"Na Lina alikuwa mutoto."

Grasi alinishika mkono, tukarudi getini, nikamwambia kijana mimi ni nani. Akasema mgeni yule hakuacha namba wala anwani, na alipoaga alisema hatarudi tena, ugonjwa haumruhusu.

Zamani mtu alipanda lori akapotea, na ulijua kwamba amepotea. Siku hizi Grasi anaongea na rafiki yake aliye Ulaya huku anamenya vitunguu, wanaonana uso kwa uso, wanacheka mambo ya bure. Mimi namtafuta mtu mmoja tu, nimwambie neno moja. Grasi ameandika jina la Lina kwenye simu kwa kila namna anayoijua. Kila jioni namuuliza, naye anatikisa kichwa.