Wageni Uani kwa Bi Mize

Usiku ule nilichelewa kupata usingizi. Jioni yake Haji, meneja wa hoteli ya pwani kwetu, kijana wa hapa hapa Unguja, alitujia sisi wanawake wa kikundi cha ngoma. Alisalimu vizuri, akakaa, akasema wageni wamechoka na ngoma za hadharani. Wanataka ile ya ndani, ya kumfunda mwari. Tutajengewa jukwaa kando ya bwawa la kuogelea.

Binamu yangu Pili alininong'oneza, "Tukikataa atawaita wa mjini, waicheze kombo. Si bora sisi wenyewe?"

Kazi za hoteli ndizo zilizotuezekea nyumba. Nikamwomba Haji asubiri hadi asubuhi.

Usingizi uliponichukua, nilijikuta juu ya jukwaa lile ambalo halijajengwa. Napiga ngoma, haitoi sauti. Nazidisha mkono, kimya. Wageni wanashangilia. Kati ya viti nikamwona Bi Mize anakuja, somo yangu, aliyenifunda nilipokuwa mwari, na ambaye nilimwosha kwa mikono yangu alipofariki. Amejifunga kanga, ananukia udi. Nilitaka kumwamkia, sauti haikutoka. Akaichukua ngoma mapajani mwangu.

"Twende nyumbani," akasema. "Na wageni wako waje."

Mara tupo uani kwake, kwenye nyumba iliyokwisha kuanguka, ila sasa imesimama, imepakwa chokaa upya. Wageni wamejaa. Mimi naona haya kwa mabega yao yaliyo wazi, yeye wala. Anawafunika kanga, anawaketisha mkekani, anawapa kahawa na kashata. Anamshika mikono mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi, anamfundisha kupokea wimbo kwa makofi. Mama anakosea, anacheka, na Bi Mize anacheka naye. Ngoma iliyokuwa bubu sasa inalia mpaka naisikia nyayoni.

Kisha yule mama anainuka na simu yake, anaelekea kwenye pazia la chumba cha ndani. Najua aliyemo: binti yangu Asha, amefunikwa, anasubiri. Nataka kupiga kelele, siwezi. Bi Mize hapigi kelele wala hamsukumi. Anaweka mkono mlangoni tu.

"Humu anafundwa mtu," anasema taratibu.

Mama yule anaishusha simu. Anaweka kiganja kifuani, anarudi mkekani, wenziwe wanamsogezea nafasi. Hakuna aliyeondoka. Bi Mize akanigeukia.

"Umeona? Hawakukasirika. Ni nyinyi tu mlioogopa kuwaambia."

Niliamka na adhana ya alfajiri, uso umelowa machozi, kifua chepesi. Nikaswali, nikamwombea. Kulipopambazuka nilikuwa kwa Pili, nikamhadithia yote. Akajitanda kanga.

"Twende wote," akasema.

Tulimkuta Haji getini. Nikamwambia ya ndani itabaki ndani. Lakini wageni wake waje uani kwetu, wakae nasi, tuwafundishe makofi na nyimbo.

Aliinamisha kichwa. Nikadhani ameudhika. Aliponyanyua uso, alikuwa anatabasamu.

"Bibi yangu naye alikuwa somo," akasema. Kisha akauliza, "Sasa viatu watavua wapi?"