Ukuta Uliovaa Kikwembe

Mama Fortunée hajawahi kumkalisha mgeni kwenye kiti kibovu. Ukimjia bila taarifa, atakupokea nje, barazani, na mtazungumza hapo hapo mpaka uchoke uende zako. Ukitoa taarifa, viti vyangu vinahama. Vyangu, ndiyo, mimi Berthe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa Mangobo. Viti vyangu vya plastiki vimeingia sebuleni kwake mara nyingi kuliko mimi mwenyewe. Simcheki sana kwa hilo, maana Kisangani ndivyo tulivyo. Mtu atalala na njaa, lakini mgeni wake atakunywa sucré baridi, soda hiyo.

Alizaliwa Yanonge, mtoni, kwa watu wa samaki. Aliletwa mjini na mumewe Léon kwa mashua iliyojaa vikapu vya samaki wa moshi, na biashara hiyo hiyo ndiyo inayomlisha hadi leo. Léon alikuwa mtu wa mikono. Matofali ya nyumba yao aliyafinyanga mwenyewe, akayakausha juani, akayapanga mwenyewe, na siku paa lilipokaa juu alizunguka mtaa mzima akitualika tukaone. Tulikwenda, tukasifu, na tulisema kweli. Wakati ule ilikuwa nyumba nzuri.

Sasa, anayeuza samaki wa moshi anajua kazi yake ilivyo. Samaki anayeshushwa kutoka mashuani hajakauka vya kutosha, na kwa mvua zetu hizi ukimwacha hivyo wadudu wanamwahi kabla ya mteja. Ni lazima umrudishe juu ya uchanja, chini yake moto mdogo wa kuni, moshi umpitie taratibu. Wengine wanafanya hivyo nyuma ya nyumba. Léon naye alifanya hivyo, mpaka wezi wakaja wakabeba samaki wote wakamwachia uchanja mtupu. Alikasirika mno. Akauhamishia uchanja ndani, kwenye chumba cha nyuma, na dirisha la chumba hicho akaliziba kwa matofali ili mkono wa mtu usipite. Tangu siku hiyo moshi haukuwa na njia ila mlango.

Léon akafa, moto ukabaki mle ndani. Paa likaanza kuvuja upande wa nyuma, maji yakawa yanatiririka ukutani, na masizi yakakutana na maji. Ukuta ukawa mweusi, tena mbichi. Ukiugusa kidole kinatoka na ute. Na humo ndimo alimolala Mama Fortunée na mjukuu wake Larissa, mtoto wa Viviane. Viviane mwenyewe yuko Bafwasende, anauzia nguo wachimba dhahabu, anakuja akiweza.

Larissa ni mtoto wa maneno mengi na pumzi kidogo. Anaanza mchezo kwa nguvu zote, halafu unamwona amesimama peke yake, mikono magotini, kifua kinapiga filimbi. Watu wakiuliza, bibi yake ana jibu moja.

“Iko grippe tu. Itapita.”

Mafua gani yanakaa mwaka mzima? Lakini nilimwelewa, na nikimwelewa nilizidi kuudhika. Kusema kitu kingine kungekuwa kusema kwamba nyumba ya Léon inamuumiza mtoto, na neno hilo halikuweza kupita kooni mwake. Mtu amekufa, kazi ya mikono yake ndiyo imebaki, halafu wewe mkewe utoke barabarani uiseme vibaya?

Basi, lilikuja shirika moja dogo, likatangazwa parokiani baada ya misa. Halijengi nyumba mpya. Linazitazama nyumba za watu wenye kipato kidogo, linatafuta kinacholeta ugonjwa humo ndani, na linatengeneza hicho: linafungua madirisha, linaziba paa, linasakafia chini, linatoa jiko nje. Mama anayetembelea familia anaitwa Odile. Fundi wao ni Papa Célestin, mwashi.

Siku ile Mama Fortunée alizunguka uwanja wa kanisa kama aliyepoteza funguo. Anamkaribia Odile, anarudi. Anamkaribia tena, anajifanya kusalimia mtu mwingine. Mwishowe alimfikia, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba ana mjukuu anayekohoa, na kama wataweza, wapite. Nilimpongeza moyoni. Odile alimjibu vizuri, akamwambia watakuja Jumanne.

Hapo ndipo Odile alipokosea. Kwa Mama Fortunée hutaji siku.

Jumatatu nzima viti vyangu vilikuwa safarini. Meza yangu nayo ikafuata. Samaki wakahamia kwangu, na nyumba yangu ikanuka mpaka mume wangu akauliza kama tumefungua soko. Moto ulizimwa, majivu yakafagiwa, uchanja ukavunjwa na kufichwa chini ya kitanda. Ukabaki ukuta. Mama Fortunée alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akafungua sanduku na kutoa kikwembe. Ninyi wengine mtasema kitenge. Kilikuwa cha ndege wakubwa wa buluu, zawadi ya mwisho ya Léon, hakijawahi kukatwa wala kuvaliwa. Akakipigilia misumari ukutani, kutoka pembe hadi pembe.

“Kinafunika yote?” akaniuliza.

“Kinafunika. Lakini Mama Fortunée, si banakuja kuona huo ukuta?”

“Bon, bataona. Lakini si hivi hivi! Wewe utapokea mutu na nguo yako ya ndani iko inje?”

Nilicheka, ningefanya nini? Na chumba kilipendeza, sitasema uongo. Ungedhani ni chumba cha bibi harusi.

Wageni walifika. Wakakalishwa kwenye viti vyangu, wakanyweshwa sucré, wakaletewa lituma ya ndizi zilizopondwa na samaki wa mchuzi kwenye sahani zangu. Walikula kwa adabu. Odile ndiye aliyeanza.

“Mama, unapikaka wapi?”

“Inje. Kule kwa Mama Berthe, tunapikaka pamoja.”

Mimi, niliyekuwa nakula nao, nikaacha kutafuna. Mama Fortunée hakunitazama.

“Na chumba ya nyuma?”

“Chumba ya kulala tu. Ingieni, ingieni muone.”

Wakaingia. Odile akatazama juu, akatazama pembeni, macho yake yakatua kwenye wale ndege wa buluu. Papa Célestin alinyoosha mkono kidogo kuelekea ukutani.

“Kikwembe ni muzuri,” Odile akasema.

“Ni ya marehemu,” Mama Fortunée akajibu.

Papa Célestin akaurudisha mkono mfukoni. Baada ya neno hilo, ni nani angethubutu kuinua nguo ya marehemu ili achungulie nyuma yake? Na hapo hapo Larissa, aliyekuwa mlangoni, akashikwa na kikohozi, kile cha filimbi, mpaka akajishika kwenye fremu. Odile akamgeukia.

“Na mutoto?”

“Grippe.”

Odile alimtazama Papa Célestin, Papa Célestin akatazama sakafu. Walishukuru kwa chakula, wakasifu usafi wa nyumba, wakaaga. Shirika likatengeneza nyumba ya watu wengine mwisho wa mtaa wetu. Mama Fortunée alisema mbele za watu kwamba amefurahi kwa ajili yao, akalisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha aliingia ndani, na mimi nikamsikia akilia kupitia ukuta.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo kikwembe kingerudi sandukuni. Hakikurudi. Nafikiri alishindwa kukitoa. Kukitoa kulikuwa kukutana tena na ule ukuta, na sasa alikuwa anauona kwa jicho la aliyeukana. Uchanja ulirudi, moto ukawashwa, samaki wakapanda juu, mvua za msimu zikaja, na wale ndege wakabaki wamepigiliwa pale pale, wakanywa maji kwa nyuma na moshi kwa mbele. Larissa alilala upande wa ukutani. Alisema anapenda kulala karibu na ndege.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa mchana wa kawaida. Larissa alikuwa uani kwangu, anaruka kamba. Akaiachia, akakaa chini, na nilipomfikia midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na macho yanatafuta hewa huku na huku. Nilipiga kelele. Tulipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mimi na bibi yake, mtoto katikati yetu, hadi kituo cha afya. Walimpa dawa ya kuvuta, wakamweka amekaa wima, na taratibu kifua kikaanza kutulia. Muuguzi alinusa gauni la mtoto, kisha akamtazama Mama Fortunée.

“Mutoto analala na moshi?”

Mama Fortunée alifungua mdomo. Nililiona lile neno, grippe, likija mpaka kwenye meno, likarudi.

“Ndiyo,” akasema.

“Mama, ukimurudisha mule, utamuleta tena hapa. Na siku moja utamuleta, utakuwa umechelewa.”

Mama Fortunée alimfunga mtoto mgongoni mwangu, akaniambia, “Enda naye kwako,” na yeye akaondoka upande mwingine. Sikumwuliza anakwenda wapi. Nilikuwa na hasira, na pia nilijua.

Alirudi kabla jioni haijaingia, nyuma ya pikipiki, Odile ameketi mbele yake. Hakuna kiti kilichohama safari hii. Hakukuwa na sucré. Alimpitisha Odile moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, nami nikafuata, Larissa nimemwacha kwangu na mume wangu. Uchanja ulikuwa palepale na samaki juu yake, kuni zinafuka, na macho yetu sote watatu yakaanza kutoa machozi kabla mtu hajasema kitu. Mama Fortunée alishika pembe ya kikwembe, akavuta.

Hakikuvutika, kilichanika. Kilikuwa kimeoza. Nusu ilibaki kwenye misumari, nusu ikamwangukia mikononi, na nyuma yake ndege wa buluu walikuwa wamegeuka weusi kama ukuta wenyewe. Harufu iliyotoka hapo ilinifanya nirudi hatua. Naye alisimama na kile kipande mkononi, na sijawahi kumwona mtu ameaibika hivyo. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto mbele ya mwalimu, mwanamke aliyezika mume na kuuza samaki Kisangani nzima.

“Nilidanganya,” alisema. “Minapikaka humu. Minakaushaka samaki humu, na mutoto analala humu. Dirisha ni Léon alifunga, alifunga juu ya wezi, yeye hakukosa. Ni miye nilikatala kufungula. Nilisikia haya.”

Nilidhani Odile atamfokea, na kwa kweli nilitamani amfokee kidogo. Badala yake alikaa juu ya kitanda bila kukaribishwa, akajishika kichwa.

“Mama, tulijua.”

“Mulijua nini?”

“Ile siku. Moshi ilikuwa katika nguo ya mutoto, niliusikia wakati alinisalimia. Papa Célestin aliona misumari iko mupya. Tulipotoka hapa tuliongea njia yote. Lakini ulitupatia sucré, ulitupatia chakula, ukasema ni kikwembe ya marehemu. Alors, ningekuambia namna gani, ‘Mama, nyumba yako inaua mutoto’? Tumbo yangu ilikuwa imejaa samaki yako. Nilisema nitarudi siku ingine, nitakuuliza pole pole. Sikurudi. Na miye nilisikia haya.”

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

“Haya!” nikasema. “Wewe haya, na yeye haya! Munapeana haya kama vile munapeana sahani, na mutoto ndiye anakosa hewa!”

Ng'ambo ya ukuta, kwangu, Larissa alisikika akikohoa, kidogo tu, nao wote wawili wakatazama chini.

Wiki hiyo hiyo Papa Célestin alikuja na nyundo na patasi. Kwanza alijenga kibanda cha samaki uani, chenye mlango wa bati na kufuli. Akapanda juu, akaziba paa. Kisha akaja kwenye dirisha, na akauliza kama kuna kitu cha kutandika chini ili matofali yasipasuke, maana bado yanafaa. Mama Fortunée alikwenda akaleta kikwembe, vile vipande viwili. Akavitandika mwenyewe. Papa Célestin aliyachomoa matofali ya Léon moja moja, naye akayapokea moja moja, akayapanga juu ya ndege.

Nyumba iko kwenye kona, na dirisha lile la nyuma linatazama barabara. Mkijua mtaa wetu mnajua kilichofuata. Walikuja wote, wauza mikate, vijana wa pikipiki, mama wa mwisho wa mtaa ambaye nyumba yake ilitengenezwa kwanza. Shimo lilivyozidi kupanuka, chumba kikazidi kuonekana: ukuta mweusi, kitanda, sufuria zenye masizi, gauni la Larissa kwenye msumari. Mama Fortunée alitoka nje mbio akasimama mbele ya shimo, ametanua mikono kana kwamba anapanga kanga zake, lakini mwili mmoja utaziba nini? Watu wakainua shingo wachungulie juu ya mabega yake. Nilimsogelea. Hasira yangu ilikuwa imekwisha, nilimhurumia tu.

“Mama Fortunée,” nikamnong'oneza, “nilete viti? Nilete pazia yangu?”

Alifikiri. Niliona kabisa kwamba alikuwa analitaka lile pazia. Ndani, Larissa alikuwa amepanda kitandani, uso wake umefika kwenye shimo, anavuta hewa ya barabara mdomo wazi.

“Hapana,” akasema. “Wacha baone.”

Na akasogea pembeni.