Yusta Kalinga na picha zilizogoma kutoka Idodi

Jua la Idodi limeshaanza kuuma, na Yusta Kalinga yuko juu ya paa la zahanati, mkanda kiunoni, bisibisi mdomoni. Chini kwenye benchi, mjamzito aitwaye Blessing hambandui macho.

Zahanati ina mashine ya kupiga picha za watoto tumboni, lakini daktari wa kuzisoma yuko Iringa mjini. Picha isipomfikia, Blessing itabidi akodi gari kwa kubahatisha, au arudi nyumbani kusubiri uchungu.

"Kamwene dada, vipi huko?" Lea, muuguzi wa zahanati, anamsalimia kwa Kihehe.

"Antena iko fresh. Meseji za salamu zinapita, picha ndo inagoma. Ngoja nishuke."

Yusta, mkazi wa Kihesa, Iringa mjini, mwenye miaka 31, ndiye aliyefunga mtandao huu. Alipomaliza chuo Mbeya, ndugu walimtarajia ofisini. Yeye akachagua kupanda mapaa.

Anaeleza kwamba picha hukatwa vipande, kila kipande kikawekwa kwenye bahasha yenye anwani. Bahasha ya kwenye waya si ile ya hewani, hivyo kifaa cha hapa huvua moja na kuvisha nyingine, na kile cha mjini hufanya kinyume chake. Juzi, ili kulinda siri za wagonjwa, aliongeza bahasha nyingine juu.

Mwandishi wa makala haya aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

"Hujaelewa wewe," Yusta alicheka. "Chukua tenga la nyanya. Umelijaza mpaka juu, halafu unalivisha gunia. Kwenye buti la basi linaingia? Haliingii. Salamu ni kifuko tu, kinapita. Kosa langu, gunia nimeongeza, tenga sijapunguza."

Anafungua kompyuta yake mpakato na kuiagiza mitambo ikate vipande vidogo zaidi kabla ya kuvifunga. Lea anatuma tena.

Simu ya Lea inaita. Daktari amesoma: mtoto amelala upande, mama aletwe leo, chumba cha upasuaji kinaandaliwa. Gari linaondoka na Blessing, Lea pembeni yake.

Yusta analisindikiza kwa macho. Ndipo anasema jambo ambalo hakuulizwa.

"Mama alipita barabara hii hii, uchungu umeshamshika. Hakuna aliyejua tuko wawili tumboni. Mjini nilifika hai mimi tu."

Sasa anataka kuufikisha mtandao Tungamalenga, mbele zaidi kuelekea hifadhi ya wanyama. Nguzo anayo, anasubiri mvua zikatike.

Jioni, akiwa bado anakusanya nyaya, simu yake inalia. Ni picha kutoka kwa Lea: Blessing kitandani, kichanga kifuani. Yusta anaitazama, anafuta macho kwa mkono wenye vumbi.

"Picha kubwa hii," anasema. "Na imepita."