Wimbo wa Bibi Ndani ya Simu

Juzi jirani alinionyesha simu yake. Programu iliyojiita msafishaji wa simu ilikuwa ikimrushia matangazo hata akiwa anaongea na watu. Niliitafuta, nikaiondoa, na simu ikatulia.

Nilikumbuka alasiri moja uani kwetu, Likasi. Simu ya mama ilikuwa na msafishaji kama yule, na katikati ya maombi iliwaka yenyewe ikaonyesha wanawake wakicheza.

"Hii iko na pepo," baba alisema. "Vitu vya pepo tunachomaka."

"Na wimbo wa mama yangu?" mama aliuliza. Marehemu bibi alikuwa ameimba humo, na hatukuwa na sauti yake mahali pengine.

"Usiogope, mama Ruti," baba alimjibu. "Iko mu kadi. Miye nimeitoa."

Simu iliungua juu ya makaa, harufu ya plastiki ikashika nguo zetu. Kisha baba alitia kadi ya kumbukumbu katika simu yake, tukainama kusikiliza. Kadi haikuwa na wimbo wowote. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Mama alikuwa ameshageuza uso.

Mimi, nikiwa bado mtoto mdogo, nilidhani moshi umemkaba bibi. Niliwaomba wamwache apumzike, ataimba jioni.