Pampu Nne za Pijo ya Mazishi

Kwa miaka tisa, Mwislamu wa mtaa wa Pumwani aliyefia hospitalini hakurejeshwa kwao ila ndani ya Pijo ya Bwana Hamidi. Ilikuwa gari aina ya 404 ya mwaka 1964, rangi ya majivu, kiti chake cha nyuma kimeng'olewa ili jeneza lipate kulala. Bwana Hamidi alikuwa karani wa stoo aliyestaafu, na huko stoo hakuna aliyemwita kwa jina ila kikipotea kitu. Lakini aliposhika usukani, na marehemu nyuma yake, askari wa barabarani walimpisha na vinyozi wa Gikomba walishusha mikasi. Heshima ile hakika ilikuwa ya maiti. Yeye aliipokea tu kwa niaba yake, na kwa muda wa miaka tisa alikuwa amesahau kuikabidhi.

Mwaka 1983, katika mwezi wa Rajabu, pampu ya mafuta ikafa. Fundi Nahashon, mwenye kibanda cha mabati karibu na soko la Kariokor, aliifungua akakuta kiwambo chake cha mpira kimepasuka.

"Ni uzee tu, mzee. Hii kitu imefanya kazi miaka kumi na tisa."

Akafunga nyingine. Mambo yangaliishia hapo, lau Bwana Hamidi angalikuwa mtu wa kuridhika na sababu ndogo. Lakini wiki ile ile Magan, muuza viatu na ngozi pale sokoni, alikuwa amenunua pikapu mpya, naye alionekana akiitazama Pijo kwa muda mrefu. Alisema, "Mashaallah, kuukuu lakini bado ina nguvu." Bwana Hamidi alisikia kila neno isipokuwa lile la kwanza.

"Ni jicho," alimwambia mkewe.

"Mwenye pikapu mpya akuonee wewe wivu?" Bi Fatu aliuliza.

"Hasidi hachagui, mke wangu."

Akaenda kwa Maalim Idarusi, mwenyekiti wa Chama cha Mazishi, aliyesifika kwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi, mgonjwa akanywa. Maalim alikuwa na hati nzuri mno, na mwenye hati nzuri hupenda kuandika kuliko kuuliza.

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Kumi na tisa, Maalim."

"Anasikia nini?"

"Asubuhi huamka vizuri. Akifika mlimani hukata pumzi."

"Kifua hicho. Anywe chupa moja kila alfajiri, siku tatu."

Mgonjwa akanywa. Bwana Hamidi alisimama na faneli yake, akasema Bismillahi, akamimina chupa nzima ndani ya tangi. Siku ya tano pampu ya pili ikafa. Nahashon akaleta ya tatu. Maalim, alipoambiwa kuwa mgonjwa amezidiwa, akaongeza dawa ziwe chupa mbili.

Pampu ya tatu ilifia barabara ya Landhies, marehemu akiwa ndani. Wafiwa walishuka wakasukuma, wakapita mbele ya kituo cha mabasi ya mashambani, ambapo manamba mmoja aliyekuwa akiita abiria aliwapigia kelele, "Wazee, hiyo inaenda wapi?"

"Akhera!" mfiwa mmoja akamjibu, jasho likimtiririka. "Njoo, nafasi iko!"

Chama kikampa Bwana Hamidi hadi Ijumaa aje ajieleze, la sivyo kazi ingehamia kwa Magan. Pikapu ya Magan ilikuwa na kasoro moja, nayo ni harufu ya ngozi mbichi, na wanakamati walikuwa wamebishana saa nzima na nusu kama maiti hukerwa na harufu. Bwana Hamidi, kwa upande wake, aliutangazia msikiti mzima kwamba jicho la Magan ndilo lililoila Pijo.

Alhamisi pampu ya nne ikafa. Safari hii Nahashon hakuigusa.

"Pampu moja kufa ni uzee. Nne kwa wiki sita, kuna mtu anaziua. Na watu wameanza kusema ni mimi."

Akajipenyeza chini ya gari, akalegeza kizibo cha tangi, akakinga kwa chupa ya kioo. Juu ilitulia petroli. Chini yake yalilala maji ya manjano, kina cha vidole vinne, yenye vumbi la kutu. Nahashon akanusa.

"Mzee, hii gari inanukia bibi harusi. Umeiwekea nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya jicho."

Nahashon, mzee wa kanisa lake, aliketi juu ya gurudumu. Hakucheka. Mama yake mwenyewe, Wakiuru, alikuwa amemshauri aipake pampu ile mafuta ya maombi, na ilibaki kidogo tu akubali.

"Sikiza, mzee. Maji ni mazito, inakaa chini ya petroli, na bomba inanyonya kutoka chini. Tangi inashika kutu. Kutu inaingia kwa pampu, vali zinakwama. Halafu wewe ukiona imekufa, unaongeza dawa!"

"Ya kwanza ilikufa kabla ya dawa."

"Ya kwanza ilikuwa uzee. Si nilikwambia?"

Akasema atalishusha tangi, alioshe, alikaushe juani, apulize mabomba. Baada ya hapo lisiingie kitu ila petroli.

Bwana Hamidi alirudi nyumbani akijua anaweza kunyamaza. Gari likipona, angesema jicho limeondoka, na kazi ingebaki yake. Hasara ingekuwa ya Magan peke yake, ambaye tayari waumini kadhaa walikuwa wameacha kununua viatu kwake.

Ijumaa baada ya sala alisimama mbele ya kamati na yale maneno ya jicho kuondoka tayari mdomoni. Hapo akamwona Magan karibu na mlango. Mtu yule mzima alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyakaza kwenye mkeka, asije akaambiwa amemtazama mtu.

"Magan hana kosa," Bwana Hamidi alisema. "Gari nimeliua mwenyewe. Nimelinywesha kombe."

Maalim Idarusi akavua miwani.

"Yule mgonjwa wa miaka kumi na tisa..."

"Ndiye, Maalim."

"Niliyekuwa nikimwombea kila alfajiri?"

"Ndiye."

Magan ndiye aliyecheka kwanza, akashika ukuta asianguke. "Mzee Hamidi! Jicho langu lingekuwa na nguvu hiyo, ningeanza na bei ya ngozi!"

Bwana Hamidi akamwendea, akamshika mkono, akaomba radhi mbele ya wote.

"Nimekusamehe. Lakini Jumatatu uje ununue viatu, na uje mchana, watu wakuone."

Katibu akapendekeza kazi ipewe Magan. Maalim akamkatiza upesi: mtu akiondolewa kazini, sababu lazima iandikwe, na kilichoandikwa husomwa mbele ya wanachama wote. Kamati ikawaza. Maalim akawaza zaidi. Kisha ikaamuliwa, bila ya mpinzani, kwamba Bwana Hamidi aendelee.

Na katibu, kwa kuwa ilibidi aandike kitu, akaandika: "Gari lilipata maradhi ya tumbo. Limepata fundi."