Fuvu la Mawe ya Kijivu

Nilijifunza kufunga plasta katika hospitali ya misheni, nikiwa dresa, mfunga vidonda wa daktari, na laiti ningebaki na miguu ya watu. Mguu ukiufunga vibaya, mwenyewe atalia, utaikata plasta na kuufunga upya. Mifupa niliyokuja kuifunga baadaye haikulia.

Aliyenichukua hospitalini alikuwa mwanafunzi. Sisi tulizoea kwamba mwanafunzi ni mtoto mwenye ubao, lakini huyu alikuwa na ndevu, ametoka chuo kikuu cha huko Uingereza, na alikuja Njombe na barua ya Boma kutafuta mtu anayejua plasta. Alikuwa akisomea udaktari. Si wa dawa, bali wa wanyama waliokufa zamani mno hata mifupa yao imegeuka mawe. Wapagazi walimwita Bwana Mifupa, wakaulizana mchuzi wake utapikwa siku ngapi.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kama rula. Siku ya kwanza aliniambia, "Mimi ni mwanafunzi bado. Profesa wangu amenipa kiangazi kimoja tu. Nikirudi bila mifupa, mimi si kitu." Nilimpenda kwa maneno hayo. Wazungu wengine niliowajua wasingekubali kuwa si kitu mbele ya dresa.

Tulishuka kwa miguu kupita Ludewa, tukaacha baridi yetu huko juu, hadi bonde moja lenye joto na makorongo. Alinionyesha mawe. Ya chini yalikuwa ya kijivu, ya juu mekundu. Ya kijivu ndiyo ya kale zaidi, akasema, maana huwezi kutandika blanketi la juu kabla ya la chini. Kulikuwa na mnyama mmoja mnene, mwenye meno mawili yaliyochomoza kama ya ngiri, na wote waliokwisha kumwona walimwona kwenye mawe mekundu. Yeye aliamini kwamba mnyama huyo alikuwako tangu enzi za kijivu. Akimpata mmoja tu huko, tasnifu yake imesimama. Asipompata, anarudi kwao na mzigo wa mawe.

Kazi yenyewe niliipenda, sitaki kusema uongo zaidi ya ule nitakaousema mbele. Unafukua taratibu, unaufunika mfupa kwa karatasi iliyolowa, unazungusha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kisha unangoja ukauke. Yeye alikaa pembeni akiandika katika daftari lake kila mfupa umelala korongo gani, tabaka gani.

Kisha homa ikamwangusha, majuma matatu. Alitetemeka hemani akiita watu wa kwao, na katika nafasi alizopata akili aliniambia, "Endelea, dresa. Usiache." Niliendelea. Watu wa bondeni waliposikia tunataka mifupa ya mawe, wakatuletea. Kila furushi nililifunga vizuri, na juu yake nikaandika kama tulivyofundishwa hospitalini. Mgonjwa akifungwa plasta, unaandika juu yake kijiji chake, ili akifa ndugu zake wapelekewe habari. Kwa hiyo niliandika kijiji cha kila aliyeleta mfupa. Nilijiona mtu makini sana.

Fuvu nililiona jikoni kwa mama mmoja mjane, kwenye kibanda chake cha shambani. Lilikuwa figa. Mawe mawili ya kawaida, na la tatu lina matundu ya macho na mashina ya meno mawili, jeusi tii kwa masizi. Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka juu yake. Nilimwomba, akacheka sana, akaepua chungu. Tulipokwisha kulifunga nikamuuliza, "Mama, kwenu hasa ni wapi?" Akanitajia kijiji chake cha mlimani, maana huku bondeni hushuka kulima tu. Nikaandika. Nikamshukuru, nikaondoka.

Mwanafunzi alipata nafuu mvua zikiwa zimekaribia, ikabidi tuondoke. Alikuwa dhaifu hata tulimbeba kwa machela kupanda milima. Kutoka Njombe tulipata lori hadi Makambako, na hapo tukangoja siku mbili lori jingine la kwenda kaskazini, tumeketi barazani mwa duka, ukungu na upepo vikitupiga. Ndipo alipotaka kuoanisha mafurushi na daftari lake. Akasoma la kwanza katika yale niliyoyafunga peke yangu. Akasoma la pili.

"Hiki ni kijiji," akasema.

"Ndiyo, Bwana. Cha mwenye kuleta."

"Lakini mfupa ulilala wapi?"

Alinieleza bila kupandisha sauti kwamba mfupa usiojulikana ulipolala ni jiwe tu. Niliyoyafukua mwenyewe nikayakumbuka, akayaandika. Yale ya kuletwa aliyaweka kando, moja moja. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Kisha tukafika kwenye fuvu. Alilipakata mapajani.

"Na hili? Kijivu au nyekundu?"

Sikujua. Hilo ndilo neno moja nililotakiwa kusema, nami nikamtazama yule kijana, mifupa ya uso imemtoka, nikaona macho yake yanavyoomba. Nikasema, "Kijivu, Bwana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akalia. Watu wa dukani wakageuka kutazama Mzungu anayelia juu ya furushi la plasta. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikauacha ushikwe.

Nilirudi hospitalini. Baada ya miaka miwili kikaja kitabu chembamba kwa posta, tasnifu yake, pamoja na barua. Amekuwa daktari, chuo kimemwajiri, wakubwa wa elimu yake wanabishana juu ya fuvu lake naye anawashinda. Katika ukurasa wa shukrani alikuwa ameandika habari za msaidizi wake wa Njombe, ambaye kumbukumbu yake juu ya mahali haikosei. Mke wangu alitaka niusome kanisani. Nilimkaripia, na hajajua mpaka leo kwa nini.

Barua ya pili ilikuja mwaka uliofuata. Alikuwa akiendelea kulisafisha fuvu kwa sindano, hatua kwa hatua, na alipofika ndani kabisa, nyuma ya taya, masizi na uchafu wa nje ukiwa umekwisha, alikuta udongo uliogandamana. Ulikuwa mwekundu. Alisema hajamwambia mtu. Aliniuliza swali lile lile la Makambako, na akaongeza kwamba jibu langu lolote ataliamini.

Niliomba ruhusa, nikateremka tena bondeni peke yangu. Yule mama alikuwa hai, ameinama shambani. Jikoni kwake pale pa fuvu palikuwa na jiwe la kawaida. Nilipomuuliza alilitoa wapi lile figa, hakusita hata kidogo. Alifuta mikono akanitangulia kupanda, tukapita makorongo ya kijivu yote, hadi juu kwenye ardhi nyekundu kama damu. Shimo lilikuwapo bado. Nyuma yake, pingili za uti wa mgongo zilikuwa zimeanza kuchungulia, mnyama mzima amelala anangoja kichwa chake.

"Mama," nikasema, "mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza kwetu, mwanangu, nikakwambia. Habari za jiwe hukuniuliza. Ungeuliza ningekuleta, si mbali."

Si mbali kweli. Mwendo wa kuchemsha chungu.

Nilikaa Njombe siku kadhaa na karatasi mbele yangu. Ningeweza kuandika neno lile lile moja, naye angeliamini, alikuwa ameahidi. Niliandika ukweli, shimo jekundu na pingili zake, na nikaeleza pia kwamba siku ile sikujua, kwamba nilisema kwa kumhurumia. Jibu lilikuwa fupi. Alisema amewaeleza maprofesa wake yote, ameondoka chuoni, sasa anafundisha watoto hesabu katika mji mdogo. Alinishukuru kwa kwenda hadi bondeni. Alimsalimu yule mama.

Hakunilaumu popote. Niliisoma barua mara nyingi nikitafuta lawama, hata nusu ya sentensi. Hata fuvu lenyewe hakulitaja. Mwishoni aliuliza tu kama uti wa mgongo umekamilika, na kama niliandika mahali ulipolala.