Kiatu Kifupi Kinakaa Mbele

Majirani walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Ulimi wake nao ulichoma. Gari lake dogo la kusambazia sare za shule alilitunza kuliko watu wengine wanavyotunza ndoa. Ndiyo maana siku lilipomsaliti aliumia sana.

Yeye na mama yake walikuwa mteremkoni mbele ya zahanati. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho, mama yake mguu mmoja ndani, mwingine chini, gari likaanza kurudi nyuma. Bi kizee wa watu akaanguka. Hakuvunjika, ila tangu siku hiyo aligoma kupanda. Dawa zingeweza kuletwa nyumbani, lakini jicho lake lililokuwa likififia lilitaka daktari, na siku zilikuwa zinakwenda.

Mdogo wa marehemu mume wa Bi Sindano, fundi gari mwenye sifa zake, alikuwa amebadilisha viatu vya breki, vile vinavyobana gurudumu kwa ndani, mara mbili. Sasa akaahidi mara ya tatu.

"Shemeji, acha," Bi Sindano akamkata. "Safari hii nafanya mwenyewe."

"Utaweza? Ile si gauni."

"Mimi nikikosea, mtu anaaibika. Wewe ukikosea, mtu anaanguka."

Yalimwingia. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi Bi Sindano alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akapiga jeki, akafungua gurudumu moja tu la nyuma. Ndivyo alivyozoea kazini: hufumui mikono yote miwili ya koti kwa wakati mmoja, maana ule uliobaki ndio mwalimu wako. Alichora kila springi kwenye karatasi ya kukatia nguo, akafunga viatu vipya kama alivyokuta vya zamani, kisha akahamia upande wa pili.

Upande wa pili ulikataa kufanana na mchoro. Viatu vilikuwa viwili, kimoja kifupi kuliko mwenzake. Huku kifupi kilikaa mbele. Kule alikotoka, nyuma. Walimu wawili, kila mmoja na somo lake! Alijiamini, lakini hakuwa mjinga. Akampigia shemeji yake.

Fundi alikuja, akachungulia huku na kule.

"Kifupi kinakaa mbele," akasema. "Kikikaa nyuma, breki haishiki vizuri. Nilifungua magurudumu yote pamoja, shemeji, nikachanganya. Mama ameanguka kwa mkono wangu."

Bi Sindano alikuwa na maneno kumi tayari, yote makali. Akayameza, akamsogezea koleo.

"Basi shika hapa, turudie ule upande."

Jumapili alilipeleka gari mteremkoni peke yake mara sita. Halikusogea hata kidogo. Jumatatu mama alikubali kupanda, kwa manung'uniko.

Mbele ya zahanati Bi Sindano alivuta breki ya mkono, akazima injini. Mama alishuka polepole, akazunguka, akasimama nyuma kabisa ya gari kujifunga kitambaa chake. Pale usukanini, mwanamke aliyeuchoma mtaa mzima kwa ulimi hakuondoa macho kwenye kioo cha nyuma.

"Mwanangu!" mama akaita. "Taa nyekundu huku zinawaka za nini?"

"Nimekanyaga breki, mama."

"Ondoa mguu. Mimi nimesimama hapa kwa sababu umetengeneza wewe."

Akauondoa.